Kipanya cha Kutimiza Akidi

Waliojifunza kompyuta katika miaka ya 1980 na 1990 wanaukumbuka ujumbe huu, na wengi wao hadi leo wakiutaja hucheka. Mtu anawasha mashine. Mashine inajikagua, inahesabu kumbukumbu yake, kisha inagoma na kuandika kwamba kibodi haionekani. Ukitaka kuendelea, bonyeza F1. Mtu anabaki ameikodolea macho skrini, maana hiyo F1 yenyewe inakaa kwenye kibodi ambayo mashine imeshasema haipo.

Mzaha ni mzuri, ila unawaonea walioandika ujumbe. IBM PC ya Agosti 1981, pamoja na mashine zote zilizoiiga, ilikuwa na kawaida ya kujipima kila inapowashwa, na kibodi ilikuwa mojawapo ya vinavyopimwa. Ikikosa kujibu, namba 301 ilijitokeza kwenye skrini. Aliyetunga maelezo yale alimwona mtu ameketi mbele ya meza, plagi imelegea nyuma ya kasha. Mtu anainama, anaichomeka sawasawa, anabonyeza F1, kazi inaendelea. Kwa hesabu hiyo ujumbe una mantiki kabisa. Ambalo halikumjia akilini ni mashine isiyo na kibodi kwa sababu ndivyo mwenyewe alivyotaka iwe.

Mashine hizo zilikuja, tena kwa wingi. Kompyuta zikaanza kufungiwa makabatini ili zihudumie kompyuta nyingine, na hakuna aliyeona haja ya kuiwekea kila moja kibodi ambayo ingekusanya vumbi tu. Umeme ukikatika usiku na kurudi, seva ya namna hiyo ilikaa ikisubiri F1 hadi mtu wa zamu afike asubuhi na kibodi kwapani. Watengenezaji wa BIOS wakaongeza chaguo moja kwenye menyu zao: simama kwa hitilafu yoyote, isipokuwa ya kibodi. Ni chaguo la kiungwana. Halidai kwamba kibodi ipo. Linakubali tu kwamba haipo na maisha yanaendelea. Sun, waliokuwa wakiuza mashine za bei kubwa, walikwenda mbali zaidi. Mashine yao isipoiona kibodi wakati wa kuwaka ilielewa kwamba hakuna mtu mbele yake, ikahamishia mazungumzo yote kwenye poti ya siriali ili aliye kwingine aendelee nayo kwa waya. Kwao, kukosekana kwa kibodi kulikuwa habari kamili, na mashine iliifanyia kazi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye kompyuta asiyekuwepo lake lipo, tena kuna mtu analipwa mshahara kulishughulikia. Sura hii inahusu njia ya ajabu kuliko zote ya kulishughulikia: kuandika programu inayoshika nafasi ya kifaa ambacho hakipo. Inasajiliwa kama kifaa, inaitikia ikiitwa, na tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa haisemi neno. Watu wa kompyuta wanazo nyingi. Baadhi ni za kweli, baadhi ni za uongo, na tofauti hiyo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Kiendeshi, kwa anayekutana na jina hili kwa mara ya kwanza, ni programu ndogo inayosimama kati ya kifaa na mfumo endeshi. Kipanya cha kampuni moja hutuma ishara kwa namna yake, cha kampuni nyingine kwa namna nyingine, na mfumo hautaki kuzijua namna zote hizo. Unaweka orodha fupi ya maswali na maagizo ambayo kila kiendeshi hakina budi kuyaitikia: una vitufe vingapi, umesogea kiasi gani, anza kazi, acha kazi. Sasa mfumo uliozoea kuuliza utamuuliza nani pasipo na kifaa?

Kwenye DOS jibu lilikuwa la kutisha. Programu iliyotaka habari za kipanya iliita katizo namba 33, kwa hesabu ya heksadesimali. Mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu palikuwa na jedwali la anwani, kila katizo na anwani ya programu inayolihudumia. Kama kiendeshi cha kipanya kilikuwa kimepakiwa, anwani ya katizo lile ilikuwa yake. Kama hakikupakiwa, kwenye matoleo ya zamani anwani ingeweza kuwa sifuri tupu. Prosesa ikiambiwa iende sifuri haiulizi. Inakwenda, inaanza kutekeleza lile jedwali la anwani kana kwamba ni maagizo ya kazi, na mashine inaganda. Waandishi makini walijifunza kuichungulia anwani kabla ya kuita; wasio makini waliita tu, na programu zao zikapata sifa mbaya kwenye kila ofisi isiyo na kipanya.

Dawa ilikuwa kuielekeza anwani ile kwenye agizo moja la prosesa linaloitwa IRET, lenye ukubwa wa baiti moja, ambalo maana yake ni rudi ulikotoka. Uzuri wake uko kwenye jambo dogo. Ili kuuliza kama kipanya kipo, programu huweka sifuri kwenye rejista AX kisha huita. Kiendeshi halisi hurudisha AX imejaa FFFF. IRET hairudishi chochote, kwa hiyo sifuri iliyopelekwa hurudi sifuri vile vile, na sifuri, kwa makubaliano, ndilo jibu la kwamba kipanya hakipo. Sidhani kuna kiendeshi kidogo kuliko hicho, na hakuna anayeweza kukishutumu kwa uongo.

Windows 3.0 ilipotoka Mei 1990 ilikuta maofisi yamejaa kompyuta zisizo na kipanya. Apple walikuwa wamelimaliza suala hili kwa ubabe: kibodi ya Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, haikuwa na vitufe vya mishale, ili mtumiaji akose pa kukimbilia na akishike kipanya apende asipende. Waliweza kwa kuwa mashine ilikuwa yao na kipanya kilikuja ndani ya sanduku lile lile. Microsoft waliuza programu ya kuingizwa kwenye mashine za watu wengine, na mteja asiye na kipanya naye alikuwa mteja.

Shida ni kwamba Windows yenyewe ilidai kiendeshi. Faili yake ya mipangilio, SYSTEM.INI, ilikuwa na mistari ya lazima inayotaja kiendeshi cha skrini, cha kibodi na cha kipanya. Kwa hiyo kwenye orodha ya kuchagulia kipanya wakati wa kusakinisha, pamoja na majina ya kampuni za vipanya, kulikuwa na chaguo la kusema hakuna kipanya wala kifaa kingine cha kuelekezea. Ukilichagua, Windows haikuacha nafasi wazi. Ilinakili faili iitwayo nomouse.drv, ikaiandika kwenye SYSTEM.INI mahali pa kipanya, na kuanzia hapo pale palipodai kiendeshi palikuwa na kiendeshi.

Ninachokipenda kwenye mpangilio huo ni fomu ya usaili. Windows inapokihoji kiendeshi cha kipanya hukipa jedwali la kujaza: vitufe vingapi, kasi gani, na miongoni mwa nafasi hizo ipo ya kusema kama kipanya kipo au hakipo. Kiendeshi kingeweza kuwepo na bado kikatoa taarifa kwamba kifaa chake hakipo. Programu nazo zingeweza kuiuliza Windows swali hilo hilo na kujipanga zitakavyo. Na kwa kuwa wabunifu walijua kuna watu watakaofanya kazi kwa kibodi peke yake, kila jambo kubwa lilipewa njia ya vitufe: Alt na F4 kufunga dirisha, Alt na kitufe cha nafasi kufungua menyu ya kulisogeza. Njia hizo zipo hadi leo, na wanaozitumia zaidi ni watu wenye kipanya mezani ambao hawana muda wa kukifikia.

Vyuma navyo vina kisa chao. IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na chipu ya Intel, 8042, iliyopewa kazi ya kuzungumza na kibodi. Wahandisi wakaona chipu hiyo ina pini zisizo na kazi. Moja wakaipa jukumu la kufungua na kufunga waya wa ishirini na moja wa anwani za kumbukumbu, ule unaoitwa A20, kwa sababu zilikuwepo programu za zamani zilizotegemea kumbukumbu iishie megabaiti moja na kurudi mwanzo. Nyingine wakaipa kazi ya kuizima prosesa na kuiwasha upya, kwa kuwa prosesa 80286 ikishaingia kwenye hali yake ya kisasa haikuwa na njia ya kawaida ya kurudi kwenye ile ya zamani. Matokeo yake, mashine ambayo haingeguswa na kibodi maisha yake yote bado ilimhitaji bawabu wa kibodi, la sivyo haikuweza kutumia vizuri kumbukumbu yake yenyewe. Huo ni utani ambao hata wenye mzaha wa F1 hawakuufikia.

Kibodi za USB zilipokuja na tundu la duara kuanza kutoweka, programu za zamani ziliendelea kuchungulia poti zile zile mbili za 8042, namba 60 na 64. Watengenezaji wa BIOS wakatega mtego. Programu ikigusa poti hizo, prosesa husimamishwa kwa siri, BIOS husoma kibodi ya USB, hutunga jibu ambalo 8042 ingelitoa, kisha huiachia programu iendelee bila kujua kwamba ilikatizwa. Wanaolalamika kwamba kompyuta zimejaa ulaghai hawajui hata nusu yake.

Lakini kisa kikubwa ni cha X.

Mfumo wa madirisha uitwao X ulizaliwa MIT mwaka 1984, kazi ya Bob Scheifler akishirikiana na Jim Gettys. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987 na likaganda hapo hapo. Limechora madirisha ya Unix, na baadaye ya Linux, kwa zaidi ya miaka 30. X inachukulia kwamba mbele ya skrini yupo mtu mmoja mwenye kibodi moja na kielekezi kimoja. Dhana hiyo imesukwa ndani ya itifaki yenyewe. Kitufe kikibonyezwa, taarifa inayokwenda kwa programu inabeba kitufe hicho pamoja na mahali kielekezi kilipokuwa wakati ule, kwa nukta za mlalo na za wima. Programu inaweza kuuliza wakati wowote kielekezi kiko wapi, na kati ya majibu yanayoruhusiwa hakuna la kusema hakuna kielekezi. Kuna hili pia: pasipo na programu ya kusimamia madirisha, herufi unazochapa huenda kwenye dirisha ambalo kielekezi kimelikalia. Yaani hata mwenye kibodi tupu anakihitaji kielekezi ili herufi zake zijue pa kwenda.

XFree86, mradi uliopeleka X kwenye kompyuta za kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulilishika sharti hilo kwa ukali. Kifaa kimoja kilitakiwa kitajwe kuwa kielekezi kikuu na kingine kuwa kibodi kuu. Kimoja kikikosekana, au kikitajwa na kisifunguke, seva iliandika kwenye faili la matukio kwamba imeshindwa kuanzisha vifaa vikuu, ikafa palepale.

Waathirika walikuwa wengi kuliko inavyoonekana. Kompyuta ya maabara inayochora grafu ukutani mchana kutwa haihitaji kipanya. Skrini ya kugusa haina kibodi. Kisanduku cha televisheni kinaongozwa kwa rimoti, na seva ya chumbani hutembelewa kwa mtandao tu. Wote hao walikutana na seva inayokataa kuchora hata mstari mmoja kwa kuwa hakuna kitu cha kubofyea.

Ndipo kikaandikwa kiendeshi kilichoitwa void. Ukurasa wake wa maelekezo ni mfupi na hauna aibu: hakiunganishwi na kifaa chochote halisi, hakitoi tukio lolote, kinaweza kuhesabiwa kama kielekezi au kibodi au vyote viwili, na lengo lake ni kuiwezesha seva ya X kufanya kazi pasipo na vitu hivyo. Ndani ya msimbo wake hakuna siri. Seva ikikiambia kijiandae, kinatangaza kwamba kina vitufe, kina mihimili ya kusogea, kina herufi. Seva ikikiwasha, kinaitikia kwamba kimewaka. Ikikizima, kimezimika. Ile kazi ya kusoma ishara za kifaa, ambayo kwa kiendeshi cha kawaida ndiyo kazi yenyewe, hapa haina la kufanya.

Wajumbe wa aina hii tunawajua kwenye vikao vyetu. Anasaini mahudhurio, anahesabiwa, akidi inatimia, kikao kinafunguliwa, na hakuna atakayeisikia sauti yake hadi chai.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini seva yenyewe isingerekebishwa ikubali kuanza bila kielekezi. Mimi nadhani walioandika void walipima vizuri. Kufikia wakati huo kulikuwa na maelfu ya programu za X, na maktaba ambazo programu hizo zilijengwa juu yake, zote zikiamini kwamba kielekezi kipo. Ukiibadilisha seva ianze kujibu hakipo, kila programu ambayo haikutarajia jibu hilo itaharibikia mahali pake, kwa namna yake, siku yake. Dhana mbovu lazima mtu ailipie. Kwa void, deni lote lililipwa mahali pamoja, kwa msimbo ambao mwanafunzi angeusoma kwa kikao kimoja na kuumaliza. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni kwamba void inasema uongo. IRET ya DOS ilisema hakipo. Fomu ya Windows ilikuwa na nafasi ya kusema hakipo. Void inasema nipo, halafu inanyamaza, na kwa programu iliyo upande wa pili kipanya kilichonyamaza hakina tofauti na kipanya ambacho mwenyewe ameenda kula. Basi X ilichora alama ya kielekezi katikati ya skrini na kuiacha pale. Ndiyo maana matangazo ya ukutani, ramani za hali ya hewa na ratiba za safari zimeonekana na alama imekaa juu ya neno muhimu kuliko yote, bila mkono wowote wa kuiondoa. Watu wakaandika programu nyingine, kama ile iitwayo unclutter, ya kuuficha mshale usiosogezwa. Uongo mmoja ukazaa kazi ya pili.

Na siku fundi anapokuja na kipanya halisi? Anakichomeka, taa yake nyekundu inawaka, anakizungusha juu ya meza, na mshale haujitikisi. Mipangilio imeshataja kielekezi kikuu, nacho ni void. Fundi anabadilisha poti, anabadilisha kipanya, anaanza kuilaumu kompyuta, kumbe kiti kimeshakaliwa.

Unix yenyewe ilikuwa na mfano bora tangu miaka ya 1970. Faili la /dev/null linajulikana kama shimo la kutupia takataka, lakini ukilisoma badala ya kuliandikia, linajibu papo hapo kwamba data imekwisha. Hata kabla yake, waliokuwa wakiandika maagizo ya kazi za IBM System/360 waliweza kuandika DUMMY mahali pa faili, na programu ikisoma hapo hupewa mwisho wa faili bila kusubirishwa. Anayeambiwa imekwisha anaweza kufungasha na kuendelea na mambo mengine. Anayepewa ukimya anangoja, kwa sababu ukimya haumwambii kama angoje au aondoke.

Watu wa kerneli ya Linux walipata ufumbuzi ulio karibu zaidi na ukweli. Mfumo wa vifaa vya kuingizia ulioanzishwa na Vojtech Pavlik uliweka faili moja, /dev/input/mice, ambalo matukio ya vipanya vyote hukusanyikia. Faili hilo lipo hata kama hakuna kipanya kilichochomekwa. X inalifungua, inaridhika, inaanza. Kipanya kikija baada ya saa 3, matukio yake yanaanza kutiririka kwenye faili lile lile lililokwisha kufunguliwa. Kikichomolewa, yanakoma na hakuna kinachoanguka. Ni kishika nafasi, kama void, ila nafasi yenyewe iko wazi na anayekuja anaipata.

X nayo ikafika huko, ingawa kwa njia ya mzunguko. Seva toleo la 1.4, la mwaka 2007, ilijifunza kupokea vifaa vinavyochomekwa ikiwa kazini. Wakati huo Peter Hutterer, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Australia, alikuwa akihangaika na tatizo lililoonekana kuwa kinyume kabisa: alitaka skrini moja iwe na vielekezi viwili, vitatu, vya watu tofauti kwa wakati mmoja. Ili afanikiwe ilibidi atenganishe vitu ambavyo X ilivihesabu kuwa kimoja, yaani kielekezi kinachoonekana kwenye skrini na kipanya kilicho mezani. Kazi yake iliingia kwenye toleo la 1.7 mwaka 2009. Tangu hapo seva hujiundia yenyewe kielekezi kikuu na kibodi kuu vya kubuni kila inapoanza, na vifaa halisi huambatishwa chini yake vikija na kuondolewa vikienda. Tafuta orodha ya vifaa kwenye mashine isiyo na chochote, utavikuta viwili hivyo vimeorodheshwa, na chini yake viwili vingine vya kupokea matukio yanayotungwa na programu za majaribio. Aliyetaka vipanya vingi ndiye aliyetatua tatizo la asiye na hata kimoja. Void ikabaki bila kazi, maana wazo lake lilikuwa limehamia ndani ya seva.

Ukishaanza kuvitafuta vishika nafasi hivi, unavikuta kila mahali. Linux inapowaka kwenye mashine nyingi huandika, miongoni mwa mistari yake ya kwanza, kwamba konsoli ni kifaa cha kubuni chenye rangi, safu 80 kwa mistari 25, kwa kuwa skrini halisi bado haijatambuliwa na kerneli haipendi kukaa bila pa kuandikia. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako haina kibodi hata ya dawa, lakini ndani yake kuna kibodi yenye namba ya utambulisho hasi 1, ambayo mfumo unaahidi kwamba itakuwepo siku zote, ili programu inayouliza kuhusu herufi isikose wa kumuuliza. Mwenye kompyuta ya kabatini ambayo kadi yake ya picha haitaki kufanya kazi bila skrini hununua kiplagi cha HDMI chenye kichipu kimoja tu: kinatoa baiti za kujitambulisha kama skrini, basi. Na uinput ya Linux huiruhusu programu yoyote yenye kibali kuunda kipanya au kibodi cha kubuni kinachosema badala ya kunyamaza, jambo lililowafaa sana watengenezaji wa vifaa vya walemavu, na wajanja wachache pia.

Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, alipokuwa akibuni lugha ya ALGOL W mwaka 1965 aliweka humo rejea tupu, njia ya kusema kwamba hapa hapana kitu. Mwaka 2009 mwenyewe aliliita kosa lake la dola bilioni moja, kwa sababu kila mwandishi wa programu aliyefuata alilazimika kukumbuka kuuliza kama kitu kipo kabla ya kukigusa, na kusahau ni jadi ya binadamu. Ukilisoma kosa hilo kwa haraka utahitimisha kwamba void ilikuwa sahihi: usiwape watu pengo, wape kitu cha kushika. Lakini pengo la Hoare lilidhuru kwa sababu lugha haikumlazimisha mtu aliangalie, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mwenye kuambiwa waziwazi hakipo, na akalazimishwa kujibu atafanyaje, hana haja ya mjumbe bubu.

Hivyo ndivyo walivyojaribu waliobuni Wayland, mrithi wa X, aliyeanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Wayland hukusanya vifaa vya mtumiaji mmoja kwenye kile inachokiita kiti. Kiti hakiahidi kitu. Kinatoa tangazo la biti tatu: ya kielekezi yenye thamani ya 1, ya kibodi yenye thamani ya 2, ya kugusa yenye thamani ya 4. Tangazo likiwa sifuri, mtumiaji hana kifaa. Likiwa 5, ana kielekezi na skrini ya kugusa, hana kibodi. Kipanya kikichomolewa tangazo hubadilika na programu zote huarifiwa, na programu inayokwenda kuomba kielekezi ambacho hakijawahi kutangazwa imevunja itifaki yenyewe. Dhana ya 1987 imeondolewa, na kila mwandishi wa programu amekabidhiwa sehemu yake ya deni.

Kisha Weston, programu ambayo watu wa Wayland wenyewe waliiandika kama mfano wa kuigwa, ikapewa namna ya kufanya kazi bila skrini kwa ajili ya majaribio. Mashine za majaribio hazina kipanya wala kibodi, na tangazo la kweli lingekuwa sifuri. Aliyeandika sehemu hiyo aliunda kiti bandia, akakipa kielekezi, akakipa na kibodi.